Umeachiwa maboksi ya makaratasi ya wakili wa zamani? Soma hii kabla hujashika kitu

Wiki tatu zilizopita dada mmoja wa Tanga anayetunza wazee hapa Kentucky alinipigia simu saa nne usiku. Bibi aliyekuwa anamhudumia amefariki, watoto wamekuja kutoka mikoani kwao, wamepanda darini wamekuta maboksi nane ya makaratasi ya babu wa babu yao aliyekuwa wakili miaka ya 1800 huko, na wameshasema Jumatatu yanachomwa. "Dada, we si ndo unashindaga na makaratasi ya kizamani? Nifanyeje?" Nilimwambia awaombe wamwachie na asifungue hata moja mpaka nije. Bahati nzuri walikubali, watu wenye msiba hawana nguvu ya kubishania makaratasi.

Mi sio msomi wa mambo haya kwa cheti. Nilisomea uhasibu Dar, ila mwaka wa sita huu kila Jumamosi najitolea kwenye kajumba ka makumbusho ka mji ninaoishi, na kazi waliyonipa ni moja tu, kupanga makaratasi ya mawakili na mahakimu wa zamani. Na kwa kuwa wengi wetu huku tunafanya kazi kwenye nyumba za wazee naona hili swali litarudi tu, kwa hiyo naandika hatua kwa hatua, ukikutana nalo usije ukaharibu.

Kwanza ujue umeshika nini

Wakili wa mji mdogo wa Marekani karne ya 19 hakuwa kama wakili wa leo mwenye ofisi ya vioo. Alikuwa anadai madeni ya watu, anaandika wosia, anagawa mirathi, anatunza hati za mashamba, anakopesha, anaandikia barua wasiojua kuandika, na mara nyingi ni mwanasiasa pia. Kwa hiyo boksi lake sio lake, ni la mji mzima.

Mfano ambao kila mtu anaujua ni Abraham Lincoln. Watu wanamkumbuka kama rais lakini kabla ya hapo alikuwa wakili wa Springfield, Illinois, alihamia pale 1837 mji ukiwa na watu kama 1,500 hivi na matope mpaka magotini, akapiga kazi ya uwakili karibu miaka 25 na kesi zaidi ya 5,000. Unadhani zilikuwa kesi za haki za binadamu? Wapi. Nyingi ni madeni: fulani kakopa hajalipa, fulani kauza farasi mgonjwa, nguruwe wameingia shambani kwa jirani. Malipo yake dola 5, dola 10, dola 20. Kubwa kuliko yote ni dola 5,000 kutoka kwa kampuni ya reli ya Illinois Central, nayo ilibidi awashtaki ndo wamlipe.

Sasa huyo aliyeuza farasi mgonjwa hana kitabu kilichoandikwa juu yake. Karatasi ya wakili inaweza kuwa ndo sehemu pekee duniani jina lake lilipobaki. Ukilielewa hili hatua zote zinazofuata hazitakusumbua.

Hatua ya 1: Piga picha, usiguse

Kabla hujanyanyua kitu piga picha boksi lilivyokaa, likiwa limefungwa, halafu likiwa wazi, halafu kila tabaka unapolifikia. Simu inatosha. Kila boksi lipe namba kwa penseli kwenye kikaratasi unachokiweka juu, usiandike kwa kalamu ya wino, usibandike kitu.

Najua utaona ni fujo tu na mkono utakuwasha kupanga. Acha! Ile fujo ni taarifa. Huyo huyo Lincoln mezani kwake alikuwa na bunda la karatasi lililofungwa kamba, juu kaandika kwamba ukikikosa kitu kila mahali pengine basi kitafute humu. Na barua alikuwa anaziweka ndani ya kofia yake ndefu. Mwaka 1850 alimwandikia wakili mwenzake kuomba radhi kwa kuchelewa kujibu, anasema barua aliitia kwenye kofia, kesho yake akanunua kofia mpya, ya zamani ikawekwa pembeni na barua ikasahaulika na yenyewe. William Herndon, mshirika wake, anasimulia kwamba kijana mmoja alipojaribu kufagia ile ofisi alikuta mbegu zimeota kwenye vumbi la sakafuni, zilikuwa mbegu za kugawia wakulima. Yaani ofisi inaota mimea. Sasa kama wewe ungeingia na ufagio na mafaili mapya ungejisikia umeokoa jahazi, kumbe umefuta njia ya kujua kipi alikuwa anakishika kila siku na kipi alikisahau.

Pale makumbusho mtu aliyetangulia kabla yangu alifanya hivyo hivyo kwa nia njema kabisa. Alichukua mabunda ya kesi, akafungua kila moja, akapanga karatasi zote kwa tarehe kuanzia 1838 mpaka 1891, rundo moja safi linapendeza. Tatizo ni kwamba bunda moja la kesi ya mirathi linaweza kuwa na karatasi za miaka 15, risiti ya daktari, barua ya shemeji, ramani ya shamba, na peke yake risiti ya daktari haikwambii kitu, ikiwa ndani ya bunda inakwambia marehemu aliumwa muda gani na nani alilipa. Nimetumia Jumamosi za miaka miwili kuzirudisha na zipo kama mia tatu ambazo sitajua kamwe zilitoka wapi.

Hatua ya 2: Sehemu na vifaa

Meza kubwa safi, mbali na dirisha lenye jua, chai na maandazi yabaki jikoni. Mikono osha kausha vizuri, usipake losheni. Glovu za pamba nyeupe kama za kwenye sinema achana nazo, zinakufanya usihisi ukingo wa karatasi unaichana, glovu ni za picha tu na ziwe za kitabibu. Penseli, brashi laini ya rangi mpya, barakoa ya N95, folda na maboksi yasiyo na asidi (yanauzwa mtandaoni, ukikosa hela kwa sasa karatasi nyeupe ya kawaida safi ni afadhali kuliko boksi la ndizi).

Besimenti na darini hapana. Karatasi inataka unachotaka wewe, chumba ambacho mtu anaweza kulala, nyuzi 18 mpaka 21 na unyevu usiopita asilimia 50. Kabati la chumbani linashinda stoo yoyote.

Hatua ya 3: Wadudu na ukungu

Hii ni fupi ila usiiruke. Ukiona unga mweusi au kijani wenye manyoya na harufu ya kukaba, hilo boksi lifunge kwenye mfuko, liweke mbali na mengine, vaa barakoa. Usifute kwa kitambaa kibichi hata kidogo, utausambaza. Baadaye lifungue likauke mahali penye hewa kavu halafu unabrashi taratibu nje ya nyumba. Ukiona wadudu hai au unga wa mbao, funga karatasi kwenye mifuko miwili ya plastiki iliyobana, zitie kwenye friza ya nyuzi hasi 20 wiki mbili, ukizitoa zikae humo humo kwenye mfuko siku nzima ndo ufungue, la sivyo zinatoa jasho.

Hatua ya 4: Kufungua mabunda

Hapa ndo penye utamu na ndo penye hatari, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyaraka za mahakama za wakati ule hazikuhifadhiwa zimelala kama sisi tunavyoweka kwenye faili. Karatasi ndefu, ndefu kuliko fulskepu ya kwetu kidogo, mara nyingi ya rangi ya bluu iliyofifia kama ni miaka ya 1840 au 1850, inakunjwa mara tatu au nne mpaka inakuwa kijiti chembamba kinachoingia kwenye tundu la kabati. Halafu kwa nje, juu ya mkunjo, wakili anaandika muhtasari: majina ya mdai na mdaiwa, aina ya kesi, tarehe iliyopokelewa na karani, pengine na kiasi. Zinawekwa kumi ishirini pamoja zinafungwa utepe wa pamba, mwekundu uliopauka mpaka umekuwa rangi ya nyanya ya jana.

Kwa hiyo kabla hujafungua, soma mgongo. Nakili yaliyoandikwa mgongoni kwenye daftari lako neno kwa neno na lile bunda lipe namba. Watu wengi wanafungua kwa pupa, ndani wanakuta Kiingereza cha kisheria kurasa nne wanachoka, kumbe kila kitu kiliandikwa nje kwa mstari mmoja.

Utepe usiukate, ulegeze fundo. Ukigoma kabisa kata, lakini kipande kiweke kwenye folda hiyo hiyo. Utakuta karatasi zimeshikanishwa kwa pini za chuma za kawaida kama za fundi cherehani, zimeshika kutu, na nyingine zimeshikwa na nta nyekundu. Pini yenye kutu usiivute, itatoka na nyama ya karatasi. Ingiza kipande chembamba cha plastiki ngumu chini yake, kingine juu, ndo uisukume taratibu kurudi ilikotoka. Alama ya kutu itabaki, isikuume. Nta usiiguse, huo ni muhuri.

Karatasi inayokubali kulala iache ilale chini ya kitabu kizito siku mbili tatu. Isiyokubali, inayosikika inalia kwenye mkunjo kama jani kavu, hiyo usiilazimishe. Tunafanya hivi: beseni kubwa la plastiki lenye kifuniko, chini unaweka taulo jeupe lililoloweshwa na kukamuliwa sana, juu yake kichanja cha waya kama cha kupoozea keki, juu ya kichanja karatasi, funika. Maji yasiguse karatasi, mvuke tu. Chungulia kila nusu saa, baada ya saa mbili au nne inakuwa laini inafunguka yenyewe, unailaza katikati ya karatasi za kufyonza maji na uzito juu mpaka ikauke. Ila kwanza kabisa jaribu wino, chovya ncha ya pamba kwenye maji, gusa nukta moja ya herufi isiyo na maana, pamba ikitoka na rangi usiipeleke kwenye beseni. Na wino wa kahawia ulioanza kutoboa karatasi usiufanyie hili zoezi, wino wa zamani ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na vivimbe vya mti wa mwaloni, una asidi, maji yanauamsha.

Selotepu, gundi, kulaminisha, vyote haramu. Nimeshaona cheti cha ndoa cha 1852 kimelaminishwa na mjukuu kwa mapenzi yake yote, kinapikika humo ndani polepole na hakuna wa kukitoa.

Hatua ya 5: Isiyo na tarehe

Barua nyingi zinasema tu "Jumanne". Angalia vitu hivi. Kama barua haina bahasha, imekunjwa yenyewe na anuani imeandikwa mgongoni bila stempu, inaelekea kuwa ya kabla ya 1847 au miaka michache baada yake, maana stempu za posta za Marekani zilianza 1847 na kulipia kabla kukawa lazima 1855. Zamani walilipisha kwa idadi ya karatasi na umbali, ndo maana utakuta mtu kaandika ukurasa mzima halafu kaugeuza akaandika tena kukatiza juu ya maandishi yale yale, sio kichaa, anakwepa gharama. Ukikuta kitu kimepigwa taipu ni baada ya 1874, taipureta za kuuzwa madukani zilianzia hapo.

Na hii wengi hawaijui: mkataba au hati ya shamba yenye stempu ndogo ya kodi iliyobandikwa na kuandikwa juu yake herufi za jina na tarehe ili isitumike tena, hiyo kwa kawaida ni kati ya 1862 na 1872, serikali ya Marekani iliweka kodi ya nyaraka kulipia vita ya wenyewe kwa wenyewe, ikairudisha tena 1898 kwa vita na Hispania. Kwa hiyo stempu usiibandue hata kama kuna mtu kakuahidi hela.

Picha je? Ya kwenye kioo au bati ndani ya kikasha chenye kufuli dogo ni ya kati ya 1840 na 1865 kwa kukadiria, usifungue kikasha kusafisha kioo. Kuna ambazo ukipitisha kidole tu uso wa mtu unafutika.

Hatua ya 6: Kusoma mwandiko

Siku ya kwanza hutasoma kitu, usikate tamaa. Anza na maneno unayoyajua lazima yapo: jina la mji, jina la mwezi, jina la wakili mwenyewe. Chora herufi zake moja moja kwenye daftari uwe na alfabeti ya huyo mtu. Kwenye karatasi za mwanzo wa karne utaona neno lenye "ss" s ya kwanza ni ndefu kama f, usije ukasoma "Congrefs" ukadhani ni kabila. "Inst." baada ya tarehe maana yake mwezi huu huu, "ult." mwezi uliopita, hii ni muhimu kwa tarehe. Kiduara chenye "L.S." mwisho wa hati ni mahali pa muhuri. Na X katikati ya jina na jina la ukoo, iliyozungukwa na maneno madogo, ni mtu asiyejua kuandika ameweka alama yake. Mi nikiiona X huwa nasimama kidogo. Kalamu ilishikwa na mkono uliozoea jembe, unaona kabisa mstari umetetemeka na wino umemwagika kushoto.

Lugha ya kesi isikutishe. Mawakili wa wakati ule walinakili maneno yale yale kutoka kwenye kitabu cha mifano, ukishasoma madai matatu ya deni umeyasoma yote, unachotafuta ni majina, kiasi, tarehe, na ile sentensi moja ambayo haifanani na nyingine.

Hatua ya 7: Tenga kazi na familia, ila usitenganishe kwa nguvu

Makundi manne yanatosha: kesi, hesabu za ofisi, barua, na mambo ya nyumbani. Usijitungie makundi ishirini, utapotea. Bunda lililokuja pamoja linabaki pamoja hata kama ndani ya kesi kuna barua ya mke. Unaandika tu "humu kuna barua ya mkewe".

Na hayo ya nyumbani usiyadharau, bili ya viatu vya watoto, mapishi, barua za dada. Mara nyingi ndo yanayoondoka kwanza kwa sababu familia inaona aibu. Ya Lincoln yenyewe, alipouawa 1865 karatasi zake zilichukuliwa na jaji David Davis zikapelekwa Bloomington, Illinois, baadaye zikawa mikononi mwa mtoto wake Robert, naye akazibania mpaka 1923 alipoziandikia hati ya kuzipa Maktaba ya Bunge kwa sharti zisifunguliwe mpaka ipite miaka 21 tangu afe. Akafa 26 Julai 1926. Zikafunguliwa 26 Julai 1947. Masharti ya namna hiyo sio mabaya, familia ikiwa na kitu kinachouma ni bora kifungwe miaka ishirini kuliko kichomwe leo, na ndo hoja niliyoitumia kwa wale watoto wa marehemu.

Hatua ya 8: Majina

Sasa hii ndo hatua ambayo mi nisingekubali mtu airuke. Kama wakili alikuwa kwenye jimbo la utumwa, Kentucky, Virginia, Missouri na kadhalika, ndani ya mabunda ya mirathi kuna orodha za mali za marehemu. Mara ya kwanza nilikuwa nasoma kivivu tu, ng'ombe jike mwekundu, saa ya ukutani, godoro la manyoya na shuka zake, na mstari unaofuata, mwandiko ule ule, wino ule ule, mwanamke, jina lake la kwanza, na mtoto wake mchanga, na bei. Mi nimezaliwa Bagamoyo, hayo mambo tumeyasikia tangu utotoni, tumepelekwa na shule tukaonyeshwa minyororo, lakini kuliona jina katikati ya saa na godoro ni kitu kingine. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari.

Umuhimu wake wa kikazi ni huu. Sensa za Marekani za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, majina yao hayakuandikwa isipokuwa kwa nadra sana. Sensa ya 1870 ndo ya kwanza kuwataja wote kwa majina. Kwa hiyo Mmarekani mweusi anayetafuta ukoo wake akifika 1870 anagonga ukuta, na mlango uliopo kwenye huo ukuta ni karatasi kama hizi, wosia, orodha ya mirathi, hati ya mauzo, rehani. Kila jina la mtumwa unalolikuta liandike kwenye orodha ya peke yake: jina, umri kama upo, ametajwa na nani, mmiliki, tarehe, namba ya boksi na bunda. Ukikosa muda wa kufanya yote, fanya hili tu.

Na usitegemee wakili awe upande unaoupenda. Lincoln mwaka 1841 alisimama mahakama kuu ya Illinois kwenye kesi ya Bailey na Cromwell ikaamuliwa kwamba binti mweusi aitwaye Nance hawezi kuuzwa, kwa sheria ya jimbo lile mtu anahesabiwa huru. Mwaka 1847 huyo huyo akamtetea Matson, mwenye watumwa wa kutoka Kentucky, aliyetaka kumrudisha Jane Bryant na watoto wake utumwani. Akashindwa, na Jane akabaki huru. Karatasi za kesi zote mbili zinahifadhiwa, huwezi kuchagua moja.

Hatua ya 9: Skani

Skana ya meza, dpi 400, hifadhi kama TIFF, halafu JPEG ya kutumia. Ukiwa na simu tu, mwanga wa pembeni wa dirisha lisilo na jua kali, usiwashe fleshi, simu iwe sambamba na karatasi, weka rula kwenye picha. Piga mbele na nyuma, hata nyuma ikiwa tupu. Jina la faili liwe linajieleza, B03_F12_004 yaani boksi 3, bunda 12, ukurasa wa 4, sio IMG_ na namba kumi. Nakala tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na moja nje ya nyumba. Na kuskani sio ruhusa ya kutupa, mtu aliwahi kuniambia "si mshapiga picha sasa", nikamuuliza na wewe una picha ya mama yako, tukaishia hapo.

Hatua ya 10: Sheria kidogo, na wanunuzi

Hakimiliki isikusumbue sana, kwa sheria ya Marekani barua ambayo haijawahi kuchapishwa inalindwa maisha ya mwandishi na miaka 70 baada ya kufa kwake, hawa wote walishapita. Siri ya mteja na wakili ndo watu wanauliza. Mahakama kuu ya Marekani mwaka 1998, kesi ya Swidler & Berlin, ilisema siri hiyo haifi na mteja. Kwa kesi za miaka ya 1850 sijaona mtu anagombana, ila maboksi yakiendelea mpaka mjukuu naye aliyekuwa wakili miaka ya 1960, simama hapo hapo, tenga, mwite mtu wa sheria.

Halafu angalia karatasi zenye alama ya karani wa mahakama kwamba zilipokelewa rasmi. Mawakili walikuwa wanatoka nazo mahakamani kama wanatoka na mwavuli, hawarudishi, na kuna uwezekano ni mali ya serikali mpaka leo. Usiziuze. Ziorodheshe, uwaambie unaowapa.

Wanunuzi watakuja, hasa wakisikia kuna sahihi ya mtu maarufu au stempu. Faili nyingi za Lincoln kwenye mahakama za Illinois zilikutwa na tundu la mkasi pale sahihi ilipokuwa. Watafiti walioanza mwaka 1985 kuzunguka mahakama moja baada ya nyingine kukusanya kesi zake walitumia miaka 15 mpaka kutoa mkusanyiko kwenye DVD mwaka 2000, na hiyo ni kwa mtu ambaye dunia nzima inamtafuta. Wakili wako wa mji mdogo hakuna atakayemtafuta hivyo, kikikatwa kimekatwa.

Familia ikitaka kutoa bure, kuna maktaba ya chuo, chama cha historia cha jimbo, makumbusho ya wilaya. Uliza maswali matatu: mna chumba chenye hewa inayodhibitiwa? Watu wataruhusiwa kusoma? Mkikosa nafasi mtampa nani? Wakubaliane kwa maandishi kwa hati ya zawadi, na kama familia inataka kupunguziwa kodi kwa kitu cha zaidi ya dola 5,000 wanahitaji mthamini wa kujitegemea, makumbusho hayawathaminii.

Hatua ya mwisho: ukurasa mmoja

Usiwape maboksi bila karatasi. Andika ukurasa mmoja tu: alikuwa nani, mji gani, miaka gani mpaka gani, yalipatikana wapi ndani ya nyumba, maboksi mangapi, kila boksi lina nini kwa sentensi mbili, kipi kilikuwa kimeharibika ulipokikuta, na wewe umefanya nini. Hilo la mwisho watu wanaona aibu kuliandika, liandike.

Maboksi ya yule dada wa Tanga tulimaliza kuyaangalia Jumamosi iliyopita, mimi na yeye, na mtoto mmoja wa marehemu aliyekuja kutusimamia akaishia kukaa chini na sisi mpaka jioni. Saba ni kesi na hesabu. La nane lilikuwa na vipande kama mia mbili vya karatasi vyenye pembe sita, kila kimoja kikubwa kama kiganja cha mtoto, tukadhani panya. Kumbe ni vielelezo vya kushonea kwilti, yaani blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, mke wa wakili, au binti, alikata samansi na barua za zamani akawa anakunjia kitambaa juu yake anashona, na vingine bado vina uzi na pindo la kitambaa cha maua. Kimoja kinasomeka "ameitwa kufika mbele ya" halafu pembe imekatwa. Yule mtoto wa marehemu akauliza tuvitoe uzi tuunganishe karatasi tuone ni samansi ya nani. Tumeviacha na uzi wake, na kwenye ule ukurasa tumeandika: boksi 8, kwilti haijamaliziwa.